Mkebe wa Risiti

Chai kwetu Mombasa haioti, hupita tu. Tangu mnada wake ulipohamishwa kutoka Nairobi mwaka 1969, majani ya Kericho na Bomet na Nandi, pamoja na yale ya Uganda na Rwanda na kwingineko, huteremshwa hadi maghala ya Shimanzi na Changamwe, yakaonjwa na mabingwa wanaoyasukutua kinywani na kuyatema, yakanadiwa, kisha yakapakiwa merikebuni kwenda Pakistani na Misri na Uingereza. Na mimi, niliyekulia ndani ya harufu ya maghala hayo kwa kuwa marehemu baba yangu alikuwa karani wa kuhesabu makasha katika mojawapo, nalifika umri wa kuota mvi pasi na kuuona mchai kwa macho yangu.

Azma ya kwenda kuuona ilinijia Novemba 2023, na aliyeichochea, bila ya yeye kujua, ni Mfalme Charles wa Uingereza. Alikuwa mgeni wa mji wetu mwanzoni mwa mwezi ule. Alizuru Fort Jesus, akaingia Msikiti wa Mandhry, na shimo moja la mtaani kwetu, lililokuwa na umri wa mtoto wa darasa la pili, likazibwa usiku mmoja. Siku chache kabla ya hapo, katika karamu ya Ikulu ya Nairobi usiku wa Oktoba 31, alikuwa ameeleza huzuni na majuto yake kwa maovu waliyotendewa watu wa nchi hii zama za ukoloni, ila neno lenyewe la kuomba radhi, ambalo wengi walikuwa wamelitegea masikio, halikutamkwa. Kisha akarejea kwao. Kericho hakufika. Nilipomtajia hayo sahibu yangu mmoja, Mkipsigis niliyefanya naye kazi bandarini miaka mingi, alicheka kicheko kifupi akasema, "Kwetu ndiko serikali ilikofanya kazi sana." Nikamwuliza ana maana gani. "Nenda ukaangalie," akanijibu, na zaidi ya hayo hakuongeza.

Nalipanda matatu Nakuru alfajiri, na kabla ya saa tatu tulikuwa tumeipita Mau Summit. Mwaka ule ndio ule wa mvua za El Niño. Kwetu pwani mito ilikuwa imevunja kingo, na huku juu ukungu ulikuwa umelala barabarani hata dereva akawa anaendesha kwa kukisia zaidi kuliko kwa kuona. Tulipokaribia njia panda ya Londiani abiria waliokuwa wakizungumza walinyamaza, wala hapana aliyewaambia wanyamaze. Hapo ndipo, jioni ya Juni 30 mwaka ule ule, lori lenye kontena liliacha njia likawavamia wachuuzi na watu waliokuwa wakingoja magari, likaua zaidi ya 50. Ikatoka amri ya serikali kwamba wachuuzi wahame kando ya barabara kuu. Miezi mitano ilikuwa haijatimia, nami niliwaona akina mama wamejifunika nailoni, wakiinua karoti na viazi kuelekea madirisha ya magari. Jirani yangu wa kiti, mzee aliyevaa kofia ya sufu, alinunua kabichi, akaipakata kama mtoto, akasema pasipo kuulizwa: "Amri ilifika mbio. Soko linakuja kwa miguu."

Chai ilianza ghafla, baada ya kona. Nalikuwa nikidhani nitaona msitu, kumbe ni kichwa kilichokwisha kupita kwa msusi: vilima kwa vilima vimekatwa sawasawa, na vijia vya wachumaji vimepasuliwa katikati yake kama misuko ya twende kilioni. Rangi yake siwezi kuiita kijani peke yake, maana pale wingu lilipopasuka ilikuwa karibu na manjano, na pale mvua ilipokuwa ikinyesha ilikuwa nyeusi. Nikamwambia mzee wa kabichi kwamba nchi yao ni nzuri. Akaniuliza, "Upande upi?" Ndipo nilipotazama tena, nikaona kwamba barabara ile ilikuwa ni mpaka. Kushoto chai ilikwenda hata upeo wa macho bila ya nyumba ya mtu, na kila baada ya mwendo fulani palikuwa na lango, kizuizi, na bawabu aliyevaa koti la mvua. Kulia vishamba vilikuwa vidogo vidogo, chai imebanana na mahindi, ng'ombe mmoja, nyumba ya mabati, kaburi, tena chai. Lami ilikuwa moja. Kila kilichokuwa nje ya lami kilikuwa na mwenyewe mwingine.

Namna upande wa kushoto ulivyopata kuwa vile ni habari iliyoandikwa, na walioiandika ni wale wale walioifanya. Serikali ya Waingereza iliitangaza nchi hii kuwa ardhi ya Taji, Wakipsigis wakasukumwa kwenye kile kilichoitwa rizavu, na baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, ekari 25,000 za hapa Kericho zikapewa chama cha maofisa wa Kiingereza waliopata vilema vitani, ili walime kitani. Sina neno na vilema wa vita. Nasema tu kwamba fidia yao ilitoka katika mfuko wa mtu mwingine. Kitani kilianguka bei, chama kikafilisika, na katikati ya miaka ya 1920 zikaingia kampuni za chai, Brooke Bond kwanza, kisha African Highlands ya jamaa wa James Finlay. Hati za kukodi ardhi zilikuwa za miaka 999. Hesabu hiyo, lau ungeirudisha nyuma kuanzia mwaka 1920, ingekufikisha zama ambazo hata Mombasa yetu ilikuwa haijatajwa na mwanajiografia Al-Idrisi katika kitabu chake. Katiba ya 2010 iliikata ikawa miaka 99 kwa asiyekuwa raia, nayo pia si michache kwa mtu anayengoja nje ya lango.

Nalipata ruhusa ya kuingia katika shamba moja, ambalo nitalisitiri jina. Getini niliandika jina langu, nambari ya kitambulisho, saa, na sababu ya kuja, kama mtu avukaye mpaka wa dola. Na kwa hakika ndivyo ilivyokuwa. Humo ndani kulikuwa na barabara zilizochongwa vizuri kuliko za nje, zahanati, chekechea, mfereji wa maji, na safu za vyumba vilivyopakwa chokaa ambavyo wenyewe huviita kambi. Mama mmoja mchumaji, mwenyeji wa Kisii aliyekuja huku akiwa mwari na sasa ana wajukuu, alinikaribisha kizingitini pake, maana ndani hapakutosha wageni wawili. Mikono yake ilikuwa na weusi wa utomvu usiotoka kwa sabuni. Nilimwuliza: mtu akikosana na jirani yake hapa kambini, huenda kwa nani? Kwa nyapara. Mtoto akiugua? Zahanati ya kampuni. Bomba likipasuka? Kampuni. "Na chifu?" Akafikiri kidogo. "Chifu huku ni mgeni kama wewe. Yeye pia huandika jina pale getini."

Maneno yake niliyachukua kama mzaha, hata alipoingia ndani akatoka na karatasi ya mshahara, akaniwekea kidole juu ya mstari mmoja. Ulikuwa ni ushuru wa nyumba, asilimia moja unusu ya ujira, uliowekwa na Sheria ya Fedha ya mwaka ule ili serikali ijenge nyumba za bei nafuu. Chumba alichokuwa akiishi ni cha kampuni, na siku atakapostaafu atakihama katika muda wa majuma machache. "Nalipia nyumba nisiyoijua," akasema, "nikiwa ndani ya nyumba isiyo yangu." Novemba 28, nilipokuwa nimekwisha kurudi pwani, Mahakama Kuu ilitamka kwamba ushuru ule ulikuwa kinyume cha Katiba, na Machi ya mwaka uliofuata ikapitishwa sheria mpya iliyourudisha. Sijui kidole chake kilikaa mstari gani katikati ya miezi hiyo.

Kwake yeye, basi, serikali ilikuwa ni mstari huo mmoja, na pengine pia sauti ya magari ya polisi ya mwezi Mei, vijana walipozichoma moto mashine za kuchuma chai zilizokuwa zimeanza kuchukua kazi za mikono. Mambo mengine yote ambayo mimi kwetu huiulizia serikali, yeye aliyaulizia kampuni, na kampuni ni mtawala asiyepigiwa kura. Mwaka ule mashamba ya Finlay yalikuwa yakiuzwa kwa kampuni ya Browns ya Sri Lanka, na mwaka uliofuata yale yaliyokuwa ya Unilever nayo yakaangukia mkono huo huo. Dola zilibadilishana mikono huko juu. Kambini ilibadilika chapa tu, juu ya koti la mvua la bawabu.

Mji wa Kericho una baridi ya kumfanya mtu wa pwani ajutie kuzaliwa kwake mahali pa joto, na mvua yake ya alasiri huja kwa ahadi, kama mwajiriwa. Nilipokwisha kuswali adhuhuri katika msikiti wa mjini, nilichukuliwa na kijana mmoja hadi kijiji cha Talai, ambacho kiko mjini na si cha mjini. Nalimkuta mzee aliyekuwa ameketi kwenye kigoda cha miguu mitatu chini ya kipenu, nikamwamkia kwa taadhima ya kwetu: shikamoo. Akacheka akanifundisha kusema *chamgei*. Kisha akaniita kijana, ingawa mvi zangu zilikuwa zikionekana, nami nikaupokea ujana ule kwa shukrani.

Ukoo wa Talai ndio uliokuwa ukitoa *orkoiik*, watu walioshika elimu ya utabiri na baraka, ambao vijana wa vita hawakutoka bila ya neno lao. Koitalel arap Samoei, aliyewaongoza Wanandi, alipigwa risasi na ofisa wa Kiingereza, Meinertzhagen, tarehe 19 Oktoba 1905, mahali alipoitwa kwa ajili ya mazungumzo ya amani. Ndugu yake, Kipchomber arap Koilegen, alikuwa huku kwa Wakipsigis. Yeye alihamishwa mwaka 1914. Lakini serikali haikutosheka na wakuu. Mwaka 1934 ilitunga sheria kwa ajili ya ukoo mzima, watu takriban 700, waume kwa wake, wakongwe kwa wachanga, wakaondolewa na kupelekwa Gwassi, kando ya ziwa Viktoria, nchi ya joto, mbung'o na homa. Nimesoma sheria nyingi katika maisha yangu, kwani kazi ya forodha haimwachi mtu bila ya kusoma sheria, na katika zote nimezoea kuona kosa likitajwa kwanza, kisha adhabu. Hiyo ilitaja nasaba. Mtoto aliyezaliwa Gwassi alizaliwa amekwisha kuhukumiwa, na mzee niliyekuwa nimeketi mbele yake alikuwa mtoto wa namna hiyo.

Walirudishwa pambizoni mwa Uhuru. Ardhi haikurudi pamoja nao, wala serikali mpya, iliyokuwa yao, haikuwapa ile iliyokuwa ndani ya ua wa chai. Mzee aliingia ndani, akatoka na mfuko wa plastiki uliofungwa kwa mpira, na humo mlikuwa na nakala ya sheria ile ya 1934, pamoja na kurasa za Gazeti Rasmi la Serikali la mwaka 2019, ambamo Tume ya Taifa ya Ardhi iliwatambua Wakipsigis na Watalai kuwa walidhulumiwa. Walipeleka habari zao kwa wajumbe wa Umoja wa Mataifa, na Agosti 2022 wakapeleka mashtaka kwenye Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, huko Strasbourg. Nilimwuliza kwa nini anazihifadhi karatasi hizi ilhali wakili anazo. Alizirudisha mfukoni moja moja, akizinyoosha pembe. "Wao waliandika," akasema, "ndiyo maana waliweza. Sisi tulikuwa tukikumbuka tu."

Usiku ule, katika nyumba ya wageni, chini ya mablanketi matatu, neno lenyewe "serikali" lilinikosesha usingizi. Sisi wa pwani tunapenda kulifanyia mzaha kwamba ni siri kali, na mzaha wenyewe una ukweli wake. Ila asili yake ni Kiajemi, mkuu wa kazi, msimamizi, na lilitufikia kwa njia ya bahari pamoja na mazulia na maji ya waridi. Raia nalo ni la Kiarabu, na huko lilikotoka lilikuwa kundi lenye mchungaji. Mwenye kazi na kundi lake: ndiyo lugha tuliyorithi kabla hata hatujaanza kuzungumza mambo ya kura. Lakini neno lililonikera zaidi ni lile tulilolifanya letu wenyewe. Baraza, kwetu, ni kibao cha mawe mbele ya nyumba, ambapo jioni mtu na jirani yake huketi sawasawa, kahawa ikapita, na anayejua habari huzisema na asiyejua huuliza. Neno hilo lilipanda garimoshi likaja bara, likavaa sare: huku baraza ni siku ambayo chifu husimama na watu hukaa chini majanini, yeye akasema nao wakasikia. Wakipsigis hawakuwa na haja ya kupelekewa neno. Walikuwa na *kokwet*, ambayo ni kitongoji chenyewe na pia ni mkutano wa kitongoji hicho, wazee wamekaa chini ya mti, na kila mtu wa kitongoji ana haki ya kusema hadi maneno yaishe. Serikali iliikuta kokwet ikifanya kazi, ikaiwekea baraza juu yake.

Nikateremka kwenda Bomet kwa njia ya Litein, Kapkatet na Kaplong. Safari yenyewe sina la kuisimulia, maana nalilala nusu yake. Bomet ilikatwa kutoka Kericho ikawa wilaya mwaka 1992, na mwaka 2013 ikawa kaunti, yenye wadi 25 na gavana wake. Kabla ya hapo, jambo lililokuwa kubwa kidogo lilipelekwa Nakuru, na lililokuwa kubwa zaidi Nairobi, na aliyelipeleka alirudi na barua au alirudi na nauli iliyokwisha. Sasa Katiba inaamuru asilimia isiyopungua 15 ya mapato ya taifa igawiwe kaunti, zahanati na barabara za vijijini ziwe mikononi mwa kaunti, na raia washirikishwe katika kupanga. Ushirikishwaji huo nalitamani kuuona unavyofanyika, na bahati ikaniongoza kwenye kikao kimoja cha wadi, ambayo sitaitaja.

Kiliitishwa saa tatu, kikaanza saa sita kasorobo. Kabla ya lolote kusemwa, ilizungushwa orodha ya kuandika jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu na sahihi, na kwa jinsi karani alivyoishughulikia orodha ile, akiirudisha kwa aliyesahau sahihi, akiihesabu mara mbili, ilinidhihirikia kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa kiini cha mkutano, na maneno yalikuwa kitoweo. Tukapewa vitabu vya mpango vyenye unene wa ngumi, kwa Kiingereza, kitabu kimoja kwa watu kumi. Mkubwa aliyetumwa alikuwa kijana mstaarabu, naye alisoma tarakimu kwa haraka ya mtu anayejua mvua inakuja saa nane. Sitaki kumdhulumu: alikuwa na vikao vingine viwili siku ile, na tarakimu hakuzitunga yeye.

Akasimama bibi mmoja, mfupi, mwenye leso kichwani na viatu vya mpira vya kuchumia chai, ambaye wote pale walimwita *Kogo*, yaani nyanya. Alisema kwa Kipsigis, kijana mmoja akitufasiria sisi wageni. "Mwaka jana niliuliza habari ya daraja dogo la pale mtoni, mlangoni mwa shule. Wewe hukuja, alikuja mwenzako mwenye miwani. Aliandika. Nataka nisomewe alichoandika." Mkubwa akapekua kitabu, akapekua cha pili, akasema kumbukumbu za mwaka uliopita ziko makao makuu. Kogo hakukaa. Alitoa kwenye kikapu daftari la shule la kurasa 48, akampa mjukuu wake, na mtoto akasoma, kwa sauti ya darasani, tarehe, jina la yule mwenye miwani, na ahadi, neno kwa neno. Watu hawakupiga makofi. Walikaa kimya wakimtazama mkubwa, na mkubwa, kwa heshima yake, akachukua kalamu akamwomba mtoto asome tena polepole.

Nalimfuata bibi huyo baada ya kikao, nikajieleza, naye akanialika kwake upande wa Konoin, karibu na Mogogosiek, kana kwamba kumpokea Mswahili aliyelowa ni jambo la kila Jumanne. Nalinywa mursik kutoka kwenye kibuyu kilichosafishwa kwa makaa ya mti, maziwa yaliyoganda yenye madoa ya kijivu, ambayo ladha yake ilinishinda bilauri ya kwanza nami nikaishinda ya pili. Shamba lake lilikuwa la michai ya ekari moja na kitu. Mume wake, marehemu, aliipanda mwenyewe, na baba wa mume asingeruhusiwa kuipanda: hadi miaka ya 1950 serikali ilimkataza Mwafrika kulima chai, katika nchi ambayo ilikuwa imejaa chai iliyochumwa na mikono yake. Ulipofika Uhuru serikali iligeuka ikawa mkunga: mwaka 1964 iliunda KTDA, mamlaka ya kuendeleza chai, ikawagawia watu miche, ikawajengea viwanda, ikanunua majani. Mwaka 2000 ikajitoa, ikawaambia wakulima kwamba viwanda ni vyao. Kwa Sheria ya Chai ya 2020 ikarudi tena. "Inatoka na kuingia," alisema Kogo, "kama jogoo mlangoni."

Kisha akauteremsha kutoka darini mkebe wa mafuta ya kupikia ya Kimbo, ule mkubwa, mfuniko umefungwa kwa kamba. Risiti za majani zilikuwa humo tangu za mume, zile za zamani za wino wa buluu zilizoandikwa kwa mkono, hadi hizi za sasa zinazotoka mashineni na kufifia kabla ya mwaka kwisha, ambazo kwa sababu hiyo mjukuu huzinakili daftarini. Bonasi ya Oktoba ilikuwa imekwisha kulipwa, na huko magharibi mwa Bonde la Ufa ilikuwa, kama ilivyo desturi, chini ya ile ya ndugu zao wa mashariki, wa Kirinyaga na Murang'a. Alitaka kujua kwa nini. Nami, kwa mara ya kwanza katika safari yote, nilikuwa na kitu cha kutoa badala ya kupokea. Nikamweleza jinsi majani yanavyonadiwa Mombasa, jinsi serikali ilivyoweka Julai 2021 bei ya chini kabisa ya dola 2.43 kwa kilo, kwa nia ya kuwalinda wakulima, na jinsi chai ambayo mnunuzi hakuiona inafaa bei hiyo ilivyobaki ikirundikana katika maghala yetu, marobota juu ya marobota, hata marafiki zangu wa Shimanzi wakawa wanalalamika kwamba hakuna pa kupitisha toroli. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo majani yangu yako kwenu," akasema. Nikakiri kwamba huenda baadhi yake yako. "Na nani anayahesabu?" Nikamwambia, zamani alikuwa baba yangu. Alinitazama muda mrefu, kisha akaniongezea mursik.

Asubuhi nilimsindikiza kwenye kituo cha kuuzia majani. Kilikuwa ni kibanda cha mabati kilichozungushiwa nyavu, kina meza ndefu ambapo wanawake na vijana walimwaga majani yao wakayachambua, wakitupa kila jani lililokomaa, wakibakiza majani mawili na chipukizi. Na harufu iliyotoka katika rundo lile bichi haikuwa hata kidogo ile ya utoto wangu. Karani alifika na lori, akatungika mizani yake ya betri kwenye boriti. Kila mtu alileta mfuko, mfuko ukaning'inizwa, namba ikawaka nyekundu, mashine ikatema karatasi, na mtu akaondoka akiitia mfukoni bila ya kuisoma, maana kulikuwa na matope na foleni na mvua.

Ikafika zamu ya Kogo. Mfuko ukatungikwa, namba ikawaka, karani akaisoma kwa sauti: 21. Mashine ikatema. Kogo aliishika ile karatasi kwa mbali, kama washikavyo watu wasio na miwani, halafu akamgeukia mjukuu. Mtoto akafungua daftari. Nyumbani, kabla hatujatoka, nilikuwa nimewaona wawili hao wakiupima mfuko ule kwa mizani ndogo ya ndoano, kutu tupu, iliyofungwa kwenye mti wa parachichi.

"Ishirini na mbili na nusu," mtoto akasoma.

Karani akasema ni maji ya mvua, na ni uzito wa mfuko. Kogo akasema mfuko wameupima ukiwa mtupu, na mvua ilikuwa haijaanza. Yote hayo yameandikwa. Foleni nyuma yetu ilikuwa imenyamaza. Mtu mmoja akaitoa karatasi yake mfukoni, akaikunjua. Karani alitazama lori, akatazama saa, kisha akaurudisha mfuko kwenye ndoano, na sote tukainua macho kuitazama namba.